Afande wa Mashine ya Upepo

Watu wote wa vyumba vyetu vya kupanga, kule Nakawa, Kampala, walimwita Afande, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa mzaha. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka, mwenye mwendo wa mtu aliyetumwa hata anapokwenda bafuni na ndoo. Alistaafu polisi akiwa sajini. Kazi yake kubwa hakuifanyia barabarani wala kituoni, bali gereji, mahali magari ya polisi yanapotengenezwa, akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye mikono ya grisi. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe wakarudi kwao kaskazini, au wakanunua pikipiki wakawapa vijana waendeshe. Yeye alinunua mashine ndogo ya upepo, kompresa yenye tangi la mviringo, magurudumu mawili na mshikio, akaileta nyumbani akiivuta mwenyewe kutoka barabara kuu huku majirani wakimtazama.

Wengine waliona ni kitu cha ajabu kwa mama wa umri wake. Yeye hakujali. Ukimuuliza kwa nini hakununua ng'ombe, alijibu kwamba ng'ombe anaugua bila kukuambia anaumwa wapi, lakini mashine ikiugua inasema.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Bungoma. Nilikuja Kampala kuuza rangi katika duka moja la jumla pale Kikuubo, na nilipochoka kuuza rangi za kupakwa na watu wengine nikafungua karakana yangu. Nilipanga kiwanja kidogo chenye banda la mabati, kilichopakana na vyumba vyetu. Kazi yetu ilikuwa kupaka vanishi na rangi milango, vitanda na makabati yanayotengenezwa na maseremala, mengi yakienda kwa wateja wa Ntinda. Nilimwajiri fundi mmoja, Mganda aliyekuwa baba wa mapacha, na kwa hiyo sote tulimwita Ssalongo kama ilivyo desturi yao. Mkono wake kwenye rangi ulikuwa mwepesi mno. Mashine hakuziweza.

Siku nilipojuana na Afande kwa kweli, kompresa yangu ya kwanza ilikuwa imegoma. Ssalongo alikuwa ameileta kutoka kwa muuzaji nyuma ya pikipiki ya boda, imelazwa ubavu kama gunia la mkaa. Tulipoiwasha ilinguruma kwa sauti nzito, ikatikisika, isizunguke. Ssalongo akaipiga teke. Mara nikaona mtu amesimama kwenye uwazi wa ua, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka likawa na makali mabegani. Hakusalimu. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Nani nalalisha hii mashine?"

Ssalongo akasema ni yeye. Afande akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba mashine hii ina oili tumboni, na ukiilaza, oili inapanda mahali isipotakiwa. Akaisimamisha sawasawa, akaiacha itulie. Kisha, badala ya kushika spana, akaufuata waya kwa vidole vyake kutoka kwenye mota mpaka ukutani. Waya ule ulikuwa mrefu na mwembamba, nilikuwa nimeutoa jikoni kwangu. Akaunyanyua kwa vidole viwili.

"Hii waya ya pasi," akaniambia. "Mashine nakunywa umeme kama ng'ombe, wewe napatia yeye na kijiko."

Aliisogeza kompresa mpaka karibu na soketi, akaichomeka moja kwa moja, akasema kama tunataka kufika mbali turefushe mpira wa upepo, tusirefushe waya. Mashine ikazunguka. Akasimama kuisikiliza hadi mshale wa geji ulipopanda na mota ikajizima yenyewe, kisha akarudi kwake kumalizia kuosha vyombo. Kesho yake asubuhi alikuja tena, na baada ya hapo sikumbuki siku aliyokaa bila kuja. Hatukuwahi kukubaliana kwamba atafanya kazi kwangu. Siku moja tu nilitambua kwamba hakuna kitu kinachowashwa katika ua ule kabla hajafika.

Hakuwa mnyenyekevu, na sitamsingizia unyenyekevu. Alijisifu waziwazi. Akimaliza kutengeneza kitu alikuwa akirudi nyuma hatua chache, anakiangalia, anasema, "Ni mimi." Basi. Alituambia mara nyingi jinsi maofisa wakubwa gereji walivyokuwa wakiuliza kwanza kama yeye yuko zamu kabla ya kuleta gari. Mwanzoni nilidhani anaongeza chumvi. Baadaye watu wawili watatu waliofanya naye kazi walipita kumsalimu, wanaume wenye mvi, na nikaona jinsi walivyovua kofia mlangoni. Nikajua hakuongeza kitu.

Katika mji ambao wanawake wengi hupiga magoti kusalimia wakubwa, Afande alisalimia amesimama. Niliwahi kumwona akipiga magoti kanisani, na nilimwona akipiga magoti kila jioni mbele ya kompresa. Hiyo ya jioni ilikuwa kazi yake ambayo hakumwachia mtu. Kwanza alizima swichi, kisha akachomoa plagi kabisa, maana alisema swichi ni ahadi tu. Kisha akafungulia upepo wote utoke mpaka mshale ulale kwenye sifuri. Ndipo anapiga goti moja, anaingiza mkono chini ya tangi na kulegeza skrubu ndogo iliyojificha pale, na maji yanatoka kwa kukohoa, yanaingia kwenye kopo la siagi.

Ssalongo alimuuliza siku moja maji yanatoka wapi wakati hatuweki maji. Afande akamwambia apulize pumzi kwenye kioo cha dirisha. Ssalongo akapuliza, kioo kikafanya ukungu. "Ndiyo hayo," akasema. Upepo wa Kampala una maji, na ukiubana ndani ya chuma maji yanabaki, na chuma kinaliwa kutoka ndani huku nje kinang'aa. Alikuwa akiyatazama maji yale kwenye mwanga, kama nesi anavyotazama chupa ya maabara. Yakiwa meupe aliyamwaga. Yakiwa na rangi ya chai, siku hiyo haikuwa vizuri kumtania.

Skrubu aliiacha wazi mpaka asubuhi ili tangi lipumue. Mashine aliiweka juu ya mbao, kamwe si juu ya saruji tupu, ikiwa imesimama kwa magurudumu na miguu yake, mbali na makopo ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwa sababu harufu ya tina na cheche za swichi haviishi nyumba moja. Mpira aliukunja kwa duara kubwa na kuuning'iniza kwenye misumari miwili, si mmoja, kwa kuwa msumari mmoja unauvunja mpira shingo. Juu yake alifunika shuka kuukuu la pamba. Nilimpa karatasi nzuri ya plastiki niliyoitoa Kikuubo, akaikunja akanirudishia. Alisema plastiki inafanya mashine itoke jasho usiku kucha. Ile plastiki mwishowe akafunikia kuni zake.

Kama kulikuwa na kazi ya mbali, mtu akataka kuazima kompresa ya Afande mwenyewe, alikataa. Lakini alikuwa anakwenda nayo. Nilimwona akienda nayo hadi kwa mjane mmoja aliyetaka kupaka rangi kitanda kimoja tu, akashinda huko siku nzima, akarudi jioni amebeba ndizi alizopewa. "Mashine hapana tembea peke yake," ndivyo alivyosema. Wengine walimwita bahili kwa ajili ya hilo. Sijui ni bahili gani anayejiazima mwenyewe pamoja na kitu chake.

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Mume wake, askari wa jeshi aliyefariki kabla sijamjua, alikuwa Mwislamu, na yeye ni Mkatoliki wa kutokosa misa. Katika chumba chake rozari na tasbihi zilining'inia kwenye msumari mmoja, na Idi alipika pilau kubwa kuliko ya Krismasi. Ijumaa adhana ya mchana ikisikika, kompresa ilizimwa. Jumapili haikuwashwa kabisa. Ssalongo alilalamika kwamba tunapumzika kwa dini mbili na tunalipwa kwa moja, Afande akamwambia ashukuru kwamba yeye aliolewa mara moja tu, la sivyo dini zingekuwa tatu.

Na alikuwa anaogopa maputo. Mwanamke huyu aliyekaa miaka na upepo uliobanwa ndani ya chuma, mtoto akipita na puto mkononi alihama upande. Siku ya ubatizo wa mjukuu wa mwenye nyumba walipamba ua wote kwa maputo, na Afande alikula chakula chake chumbani, mlango umefungwa. Nilipomuuliza, alinijibu kwa uzito kabisa kwamba puto halina geji. Hujui limejaa kiasi gani. Kitu kisicho na geji hakipaswi kupewa mtoto.

Mashine ilipogoma, alikuwa na neno moja: "Anza ukutani." Ssalongo alipenda kuanza na spana. Akisikia mlio asioujua tu, tayari ameshafungua bolti mbili. Afande alimpiga mkono kama mtoto anayedokoa nyama. Anza ukutani, maana yake tazama kama umeme upo, kama una nguvu au umekuja mdogo kama unavyokuja jioni watu wakiwasha majiko. Kisha waya. Kisha swichi. Kisha mkanda, kama umelegea. Kisha chujio na oili. Mwisho kabisa, kama vyote ni vizima, ndipo spana.

Kwa upepo unaovuja alikuwa na kikombe cha povu la sabuni na brashi ya kunyolea ndevu iliyokuwa ya marehemu mume wake. Alipaka povu kila mahali chuma kinapoungana na chuma, taratibu, kama anayemnyoa mtu, na mahali palipovuja povu lilijaa mapovu madogo. Lakini kuna wakati povu halikuonyesha kitu. Tulikuwa na wiki moja ambayo kompresa yangu ilizunguka asubuhi mpaka mchana bila kujaza tangi, inapata moto, inanuka. Ssalongo alishakata tamaa.

"Nyabo, hii imechoka," akaniambia, akiniita mama kwa Kiganda. "Tupereke kwa fundi mukubwa, abadirishe pisitoni."

Afande alikuwa ameinamisha sikio kwenye kichwa cha mashine. Akafungua kifuniko kidogo cha plastiki pembeni, akachomoa chujio, akalipiga kwenye kiganja. Likatoa unga wa mbao uliogandamana kama mkate. Mashine ilikuwa imezibwa pua. Akaliosha, akalikausha juani, akarudisha, na tangi likajaa kabla Ssalongo hajamaliza chai yake. Alirudi nyuma akaitazama. "Ni mimi," akasema. Ssalongo akacheka hata akamwagikiwa.

Nisingeandika haya yote kama angekuwa tu fundi mzuri. Mafundi wazuri Kampala ni wengi. Naandika kwa sababu ya siku ya mashine nyekundu.

Tulikuwa tumepata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: milango ya hosteli mpya ya wanafunzi, jengo zima. Mwenye hosteli alitaka milango iishe kabla wanafunzi hawajafungua, na kompresa yangu ndogo haikuweza kuhimili mwendo huo. Wakati huo Afande alikuwa amesafiri kwao kwa msiba. Nikaenda kwa muuzaji wa mashine za mitumba upande wa viwandani nikanunua kompresa kubwa zaidi, ya kuvutwa kwa magurudumu, imepakwa rangi nyekundu mpya mpaka inawaka. Tukafanya nayo kazi vizuri tu. Milango ilikuwa imejaa uani, imeegemezwa na kulazwa, vanishi ya mwisho bado mbichi, siku Afande aliporudi.

Aliisikia akiwa bado hajaweka mkoba chini. Aliingia uani na nguo zake za safari, vumbi la barabara kwenye viatu, akapita katikati ya milango bila kutusalimu, akaingia bandani. Nilimfuata nikitaka kumwonyesha. Aliizunguka mara moja. Akachukua spana akagonga tangi juu, likalia kama kengele. Akagonga chini, likalia kama debe. Akagonga tena juu, tena chini. Kisha akakitazama kile kifaa kidogo cha shaba kilicho na pete, valvu ya usalama, ile inayotakiwa kufyatuka yenyewe upepo ukizidi. Nayo ilikuwa imepakwa rangi nyekundu pamoja na tangi. Akaivuta pete. Haikusogea. Mshale wa geji ulikuwa umefika mahali mota inapotakiwa kuzima, ukapita hapo, na mota bado inazunguka.

"Hii napasuka," akasema, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akanitoa nje. Hakukimbia. Alimwambia Ssalongo aliyekuwa na kipulizio cha rangi uani asogee nyuma ya ukuta wa matofali na asiachie mpira. Yeye akaenda kwenye kisanduku cha mita kilichokuwa ukutani nje, akakata umeme wa ua mzima. Mota ikanyamaza. Kisha akamwambia Ssalongo abonyeze kipulizio kuelekea juu, hewani, na asiache mpaka yeye aseme.

Upepo ule ulitoka kwa mlio mwembamba, mrefu, kama hautaisha. Na hapo ndipo niliposikia tone la kwanza kwenye mabati.

Mtu anayeijua mvua ya Kampala anajua haibishi hodi. Wingu lilikuwa limetupandia nyuma ya nyumba bila sisi kuliona. Milango ya hosteli ilikuwa yote nje na vanishi mbichi, na pa kuiweka palikuwa bandani tu. Turubai lilikuwa bandani. Nilinyanyua mlango wa karibu nikaenda nao mbio. Afande alikuwa amesimama kwenye uwazi wa banda, miguu imepanuka, mikono kwenye miimo ya pande zote mbili.

"Afande, nipishe," nikamwambia. "Mvua."

"Naona mvua."

"Hii ni kazi yangu yote. Nipishe niingize hata michache."

"Mlango, seremala nafanya ingine," akasema. "Wewe, nani nafanya ingine?"

Nilijaribu kupita chini ya mkono wake. Akanizuia kwa bega, bila hasira, kama anavyozuia watu mtu aliyefundishwa kuzuia watu. Mvua ikashuka yote. Niliitazama vanishi ikigeuka nyeupe kama maziwa, mlango baada ya mlango, na nyuma ya ukuta Ssalongo amesimama ameinua kipulizio juu kama anayeombea kitu, maji yakimtiririka kwenye viwiko. Afande hakuondoka pale. Nguo zake za safari zilimganda mwilini. Alikaa hivyo mpaka mlio ule ukafifia, ukakohoa, ukanyamaza kabisa, na yeye akangoja tena kidogo baada ya kunyamaza. Ndipo akateremsha mikono.

Kesho yake muuzaji alikuja. Nilikuwa nimempigia simu usiku huohuo, nimemtolea maneno, naye akaahidi kuichukua mashine yake na kunirudishia changu. Nilifurahi. Lakini alipofika alimkuta Afande amekaa kwenye kigoda karibu na ile mashine, na drili mkononi. Alikuwa amelitoboa tangi chini, shimo la kuingia kidole gumba. Muuzaji akauliza kwa ukali nani ameharibu mali. Afande akamwambia aingize kidole chake pale aguse. Yule mtu akainama, akaingiza kidole, akakitoa kina kutu nyekundu hadi kwenye pingili. Chuma pale chini kilikuwa kimeliwa kikabaki chembamba kama kifuniko cha kopo la maziwa. Miaka mingi mtu alikuwa akiiweka ghalani na maji tumboni, kisha mwingine akaja akaipaka rangi.

"Mimi naweza kuziba," muuzaji akasema. "Naweka kiraka, nachomelea."

"Najua," Afande akasema. "Ndiyo maana mimi natoboa."

Akachukua drili, mbele yake, akatoboa shimo la pili, na la tatu. Alitoboa taratibu, akipumzisha drili isipate moto, mpaka lile tangi likawa halifai kitu ila kukatwa vyuma chakavu. Muuzaji aligeuka akaondoka zake. Hakuichukua, na hakunirudishia chochote, na mimi hapo nilisimama nikiwa nimepoteza, ndani ya siku mbili, mashine, vanishi na labda kazi ya hosteli. Nilimwambia Afande kwamba angeniuliza kwanza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema kama angeniuliza ningesema hapana, kisha mashine ingerudi kule, ingepakwa rangi ya kijani, na ingenunuliwa na mwanamke mwingine mwenye fundi mwingine mwenye mapacha.

Ssalongo alikuwa anapiga msasa mlango pembeni. Mkono wake ukasimama. Aliinama tena akaendelea, lakini nilimwona akijifuta macho na bega.

Tulianza upya. Afande alifunga kitambaa kichwani akapiga msasa pamoja nasi, mlango baada ya mlango, akitoa ile vanishi nyeupe mpaka mbao zikaonekana. Alileta kompresa yake tukaiweka upande mmoja na yangu upande wa pili. Mwenye hosteli alikuja, akasikia yaliyotokea, akayatazama matundu, akatuachia nusu ya kazi na nusu akaipeleka kwingine ili asichelewe. Ile nusu tuliimaliza. Nikipita hosteli ile sasa, na hupita mara kwa mara, milango ya ghorofa mbili za chini ni yetu, na nawaambia walio nami hivyo hata kama hawajauliza.

Kwa hiyo watu wakiniuliza nimejifunza wapi kazi yangu, siwatajii Bungoma wala Kikuubo. Nasema nilifundishwa na Afande. Sasa nina karakana mbili na wanawake kadhaa wanaopuliza rangi, na kila mmoja anajua kuufuata waya kwa vidole mpaka ukutani kabla ya kugusa spana. Wanasema "Anza ukutani" bila kujua neno hilo ni la nani. Mimi najua.

Alihama vyumbani pale binti yake, naye polisi, alipopewa nyumba kambini, na miaka miwili mitatu tulionana kwa shida. Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta barazani, shati limepigwa pasi, ameketi na kompresa yake ileile mbele yake. Nilimsalimu akaniitikia kwa sauti kubwa mno, akatabasamu, akanionyesha masikio yake na kutikisa kichwa. Yameondoka, akaniambia. Miaka ya gereji, miaka ya mota. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likalifuata. Sasa anaona midomo tu. Aliyasema haya bila kuyasikitikia, kama mtu anayekuambia kwamba duka fulani limefungwa.

Tukiwa bado tunapeana habari, mimi nikiandika maneno kwenye simu yangu na kumwonyesha, akaja mzee mmoja kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono. Alikuwa askari wa zamani, mguu mmoja haupo kuanzia pajani. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chini kabisa. Niligundua kwamba hii ndiyo kazi anayoifanya Afande pale kambini: wazee wenye baiskeli za mikono na viti vya magurudumu wanakuja kwake kujazwa upepo, na haulizi kitu.

Akawasha. Mashine ikazunguka, lakini mshale haukupanda ipasavyo. Mimi nilisikia mara moja, fyuuu nyembamba, upepo unavuja mahali. Yule mzee naye alisikia, akanyoosha kidole kumwonyesha upande. Nikafungua mdomo nimwambie. Afande akainua kiganja kutunyamazisha sote wawili, yeye asiyesikia hata kimya chetu.

Akachovya mkono kwenye ndoo ya maji. Akaupitisha juu ya mashine, bila kugusa, taratibu, vidole vimeachana: juu ya kichwa, kando ya swichi, kwenye bomba linaloshuka. Macho ameyafumba. Ulipofika kwenye kiungo cha mpira, mkono ukasimama. Upepo ule mdogo ulikuwa unampulizia baridi katikati ya kiganja. Akafumbua macho, akazima, akafungua kiungo, akazungushia utepe mweupe wa kuzibia, akakaza. Akawasha. Mshale ukapanda bila kusita. Akainama akajaza tairi, akilibonyeza kwa kidole gumba, mpaka yule mzee na baiskeli yake wakakaa sawa.

Mzee aliweka mikono kwenye pedali zake akazungusha, akapanda kile kilima kidogo cha kuelekea getini. Alipofika juu alisimama, akageuka nusu, akapiga saluti. Afande alikuwa ameshasimama. Akamrudishia saluti kwa mkono uleule uliolowa, maji yakimshuka kwenye mkono wa shati, na hakuuteremsha mpaka yule mzee alipoteremsha wa kwake.

Mimi ni raia tu, sijafundishwa mambo hayo. Nilijikuta nimesimama wima pembeni yake, mikono imenyooka, simu imeanguka chini.